Mama Ernestina Anastaafu, Kibuyu Bado Hakijajibu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2026, Mama Ernestina Barutwanayo anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Darubini cha Minago kwa miaka ishirini na miwili. Aliingia akiwa mwalimu wa fizikia, anatoka akiwa mtafiti mkuu, na katikati ya hapo hajawahi kulala usiku wa giza wa kiangazi. Mkurugenzi wetu, Bwana Fabiano, ameniomba nimwandikie wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe. Amenisihi niandike kwa uchangamfu, kwa sababu kutakuwa na wageni kutoka Bujumbura. Nitajitahidi. Lakini wanaonifahamu mimi Eliana, fundi wa vyombo wa kituo, wanajua kwamba uchangamfu si fani yangu, na mwezi huu ndiyo kabisa.

Mama Ernestina ni binti wa mvuvi wa Kabonga. Mwaka 1972, watu walipokuwa wakikimbia mauaji, akiwa na miaka sita, alivushwa kwa mtumbwi kwenda Kigoma, na huko ndiko alikokulia, akasoma, akaolewa na Mzee Tadeo. Walirudi nyumbani baada ya miaka thelathini, akafundisha Nyanza-Lac kwa muda mfupi, kisha akasikia kwamba kilima cha Minago kinajengewa darubini. Kiswahili chake cha Kigoma kimenyooka kuliko cha sisi sote wa Rumonge. Ukisema "iko" mahali pasipo pake anakunja uso kama aliyeng'atwa na siafu. Kama mnaona maandishi haya yana Kiswahili safi, mshukuruni yeye, amenirekebisha tangu siku ya kwanza.

Siku hizo za mwanzo zilikuwa za vituko. Kuba letu huzunguka juu ya magurudumu, na magurudumu hutaka grisi, na grisi haikuwepo. Mama Ernestina akasema mawese yapo. Tukayapaka mawese magurudumu yote, kuba likazunguka vizuri ajabu kwa siku tatu, halafu panya wa kilima kizima wakahamia kwetu. Mchungaji mmoja alipanda kutuuliza kama tumeshaiona mbingu, na kama tumeiona, iko upande gani. Mama Ernestina alimwonyesha mwezi kwenye darubini. Mchungaji akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Eh, Mungu wangu, iko na mashimo!" Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya mashimo hayo.

Mzee Tadeo alikuwa akiwaambia watu wa Kabonga kwamba ameoa popo. Alisema hivyo akicheka, lakini alikuwa akilala peke yake.

Kazi ya maisha ya Mama Ernestina ilikuwa kitu kimoja. Nyota ikizeeka hutapika gesi yake, na gesi hiyo hutanda kuizunguka na kung'aa. Wataalamu wa zamani, kwa darubini zao hafifu, waliona viduara kama vya sayari wakaviita nebula za sayari, na jina likabaki ingawa sayari hazihusiki. Nyingi wala si duara. Ile yetu imebanwa kiunoni, ina tumbo juu na tumbo chini, naye akaipa jina la Kibuyu siku ya kwanza alipoiona. Swali lake lilikuwa hili: nani amekibana kiuno? Nyota moja haina jinsi ya kujifunga mkanda. Inadhaniwa kwamba ndani yake kuna nyota mbili zinazozungukana, na ile ya pili ndiyo iliyokoroga gesi mpaka ikapata umbo hilo. Zimekaribiana mno hata darubini haiwezi kuzitenganisha, kwa hiyo ilibidi atumie spektroskopia.

Wageni msiogope neno hilo. Ni kazi ya kuupasua mwanga wa nyota uwe rangi, kama upinde wa mvua, kisha kuitafuta mistari myembamba ya giza iliyomo kati ya rangi. Hidrojeni ina mistari yake, sodiamu ina yake, nayo iko kwenye njano. Nyota ikitukaribia, mistari husogea kidogo kuelekea buluu. Ikitukimbia, husogea kuelekea nyekundu, kama vile pikipiki inavyobadilisha mlio ikikupita barabarani. Nyota yenye mwenzake huvutwa huku na huku, kwa hiyo mistari yake lazima iende na kurudi. Nyota iliyo peke yake, mistari yake inakaa palepale. Basi, ni hilo tu. Miaka yote ile Mama Ernestina alikuwa akiuliza kama nyota ya Kibuyu ina mwenzake ama haina.

Chombo cha kuupasua mwanga tuliazimwa na chuo kimoja cha Ulaya. Ni kidogo, na kinaona vizuri zaidi kwenye njano, kwa hiyo aliitumia mistari ya sodiamu. Milima iliyo nyuma yetu inaficha mashariki. Ilitubidi tuipime nyota inapoinamia upande wa Kongo, juu ya Ziwa Tanganyika, juu ya taa za wavuvi.

Hapa inabidi niwaeleze wageni jambo ambalo mtu wa pwani hii hahitaji kuelezwa. Ndagala, dagaa wa ziwa hili, hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina maana, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu na kulala kwao. Giza likirudi mitumbwi inatoka, na ziwa zima linawaka. Mama Ernestina alikulia ndani ya kalenda hiyo, akaijenga ratiba ya kituo vilevile bila hata kufikiri: siku za giza kazi, wiki ya mbalamwezi mapumziko na matengenezo. Hakuna aliyeona ajabu. Giza ndilo linalozionyesha nyota, nani angepinga? Na wiki ya kulala ilikuwa tamu.

Mwaka wa kwanza alishuka pwani kuwaomba wavuvi wapunguze taa. Mkubwa wa pwani, Bahizire, Mkongomani wa Fizi, alimpa kiti, akampa samaki wa kuchoma, mukeke, kisha akamwambia: "Mwalimu, sisi tuko tunatafuta ndagala, weye uko unatafuta giza. Tukizima taa, batoto watakula nyota?" Mama Ernestina alicheka mpaka akashika mbavu. Akarudi kilimani na samaki, na tangu siku hiyo akawa anauondoa weupe wa taa kwa hesabu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, kwa upande wa weupe.

Kisha mistari ikaanza kusogea. Mwaka baada ya mwaka, polepole, upande uleule, bila kurudi nyuma. Kila kiangazi aliongeza nukta mpya kwenye mchoro uliobandikwa ukutani, na nukta zikajipanga zikawa mkunjo mzuri. Mwaka 2019 alitangaza mbele ya wenzake wa nchi mbalimbali kwamba nyota ya Kibuyu ina mwenzake, kwamba zinazungukana kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba akijaliwa ataiona ikigeuka kabla hajaingia kwenye pansiyo. Jamani, tulisherehekea! Fabiano alichinja mbuzi. Mzee Tadeo alikuja kutoka Kabonga na koti la harusi. Bahizire alipanda na beseni la ndagala, akasema ni zawadi ya huyo mutu wa pili wa kule juu. Mimi nilicheza. Ipo picha, na sitaki kuiona tena.

Mwaka juzi ziwa lilifungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Sheria ni sheria. Mitumbwi ilipandishwa mchangani, na apolo, ile mitumbwi mikubwa inayounganishwa miwili miwili, zikafungwa kamba. Pwani nzima ilikonda. Wanawake wanaoanika ndagala walikaa mbele ya turubai tupu, na ukiwasalimia "amahoro" wanakuitikia kwa kichwa tu. Na sisi kule juu, Mungu atusamehe, tulikuwa na anga safi kuliko wakati wowote. Sikuwahi kuona ziwa jeusi namna ile.

Wiki ya kwanza ya giza lile, mistari ilikwenda mbele upande uleule. Haikusogea, iliruka. Katika wiki moja ilikwenda umbali ambao ilikuwa imeutembea kwa miaka kumi. Nyota inayozunguka kwa miaka thelathini hairuki, haina uwezo huo. Nilidhani chombo kimeharibika, nikakifungua chote, nikakisafisha, nikakifunga. Kilikuwa kizima. Mama Ernestina alikaa mbele ya skrini mpaka chai yake ikafanya utando, kisha akaniambia nimtafutie taa ya mafuta.

Siku hizi taa ya mafuta inatafutwa kweli. Niliipata kwa mama mmoja anayeuza maandazi alfajiri pale Minago. Tuliiwasha mchana ndani ya kuba, milango imefungwa, tukaielekeza darubini kwenye ukuta unaomulikwa nayo. Kwenye skrini ukatokea mstari wa njano, mwembamba, umenyooka, umekaa ubavuni mwa mstari wa nyota yetu. Moto wa mafuta una sodiamu yake. Kwa chombo kidogo kama chetu mistari hiyo miwili inaungana, na ule wa taa unausukuma pembeni ule wa nyota. Taa zikiwa nyingi msukumo ni mkubwa, zikipungua msukumo unapungua. Taa nyeupe za betri hazina mstari huo.

Alishuka pwani siku hiyohiyo, nami nikamfuata nyuma, maana sikupenda jinsi alivyokuwa akitembea. Aliwauliza wavuvi ni lini walianza kuacha mafuta na kuchukua betri. Wakabishana. Mmoja alisema mjomba wake ndiye wa kwanza, mwingine akasema uongo huo, Bahizire akasema bale ba Nyanza-Lac ndio balianza. Lakini walikubaliana jambo moja, kwamba hawakubadilisha kwa siku moja. Leo huyu, mwaka ujao yule, kila mtu alipopata, na wengine wana mafuta mpaka leo. Polepole, bila kurudi nyuma. Mama Ernestina akawashukuru, "murakoze", akageuka. Ile tuliyoiita nyota ya pili ilikuwa wavuvi wa Tanganyika wakinunua betri. Tulipanda kilima kwa miguu, na pikipiki zilizotusimamia njiani hakuzijibu.

Wageni wanaweza kuuliza, mbona hamkujua? Nami nimejiuliza mpaka nimechoka. Kiangazi chochote, tungefanya kazi wiki ya mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamelala na taa zimezimwa, tungeona nyota bila taa. Nyota yetu ina mwanga wa kutosha, ingepimika hata mwezi ukiwa mzima. Wenzetu wa nchi nyingine hupima mwezi ukiwepo na usipokuwepo, hawana habari na ndagala. Sisi tulipumzika wavuvi walipopumzika na tukafanya kazi walipofanya kazi, kwa hiyo hatukuwahi hata mara moja kuitazama nyota ile bila wao. Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu wa ziwa hili tu.

Hakungoja mtu amgundue. Aliwaandikia wenzake wote kwamba matokeo ya 2019 si kweli, akaeleza kwa nini, akaweka na mchoro wa taa. Walimjibu kwa upole mwingi, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Habari zikafika pwani. Bahizire alipanda kilima, kofia mkononi, akasimama mlangoni akasema, "Mwalimu, utusamehe, tumekuharibia nyota yako." Na alikuwa na njaa, mtu mzima yule, ziwa likiwa bado limefungwa. Mama Ernestina alimkalisha, akamwambia hakuna kilichoharibiwa na mtu aliyekuwa kazini kwake, akampa chai na muhogo. Alipoondoka, nilimsikia Mama Ernestina akisema peke yake, "Mimi ndiye niliyesahau kwamba wapo."

Akaanza upya akiwa na miaka hamsini na minane. Aliiacha njano, akahamia kwenye mistari ya buluu ambako moto wa taa hauna chake. Ni kazi ngumu, chombo chetu kinaona buluu kwa shida. Alipima kwenye giza, akapima kwenye mbalamwezi, akapima akiwa na homa. Viangazi viwili vimepita hivyo. Mistari imesogea, ndiyo, lakini kidogo mno, kiasi kinachoweza kuwa nyota na kinachoweza kuwa makosa ya chombo. Kiangazi cha tatu ndicho kingeamua. Ikisogea tena upande uleule, nyota ina mwenzake, na safari hii hakuna taa ya kusingizia. Ikikaa, haina.

Kiangazi cha tatu ndicho hiki. Mama Ernestina anaondoka tarehe 30, na mwezi wa saba chuo cha Ulaya kinachukua chombo chake. Mkataba umeisha, siwalaumu, ni mali yao. Aliomba aongezewe miezi mitatu tu, bila mshahara wowote, alale palepale kituoni. Jibu lilikuwa kwamba miaka sitini ni miaka sitini. Nafasi yake haitajazwa. Mimi najua kufungua skrubu na kufunga skrubu, kuisoma mistari ile sijui, na darubini isiyo na chombo ni bomba la kuchungulia. Juni yenyewe imetunyima, moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika kilima, na hatujapata hata usiku mmoja wa maana. Bwana Fabiano ananiambia nisiandike hivi kwenye programu ya sherehe. Niandike nini? Nimekata tamaa, na nisipokata mimi nani atakata?

Yapo ya kushukuru, nami nayataja kwa sababu ni kweli. Wasichana wa lise, yaani shule za sekondari, za Rumonge na Nyanza-Lac waliopanda kilima hiki wakashuka wanataka kusoma fizikia ni wengi, na wanne kati yao sasa ni walimu. Alitutungia maneno ya Kiswahili ya kazi hii tulipokuwa tunababaika na Kifaransa. Alimzika mlinzi wetu Éphraïm kama anavyozikwa ndugu. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti, isipokuwa wale panya.

Bwana Fabiano alitaka pia niandike kwamba Mama Ernestina "ameweka msingi wa ugunduzi mkubwa". Wiki iliyopita Mama Ernestina aliiomba rasimu, akakaa kwenye kiti changu, akaisoma. Alipofika kwenye maneno hayo akayakata kwa kalamu nyekundu, ile ya ualimu. Nikamwuliza basi niandike nini. Akasema, "Andika kwamba sijui." Nikamwambia, Mama, wasifu wa mstaafu hauandikwi hivyo, watu watakuja na zawadi. Akafikiri. "Basi andika kwamba nilitaka sana kujua," akasema. Alilia kwa muda mrefu akiwa ameshika kalamu, nami nikamshika bega.

Nimeandika, Mama. Ulitaka sana kujua.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, na wavuvi wa Minago ambao Bahizire ameniagiza nisiwasahau, tunakushukuru. Ni desturi katika maandishi haya kumwahidi mstaafu kwamba kazi yake itaendelezwa. Mimi siwezi kukudanganya, wewe uliyejikanusha mwenyewe mbele ya dunia nzima kwa sababu ya mstari mmoja wa njano. Haitaendelezwa. Kuba litafungwa, na Kibuyu kitapita juu ya Minago kama kawaida, kielekee Kongo, bila mtu wa kukiuliza.

Nenda salama Kabonga, Mama Ernestina. Tunakutakia afya, mvua za wakati wake, na usingizi wa usiku kucha ubavuni mwa Mzee Tadeo. Na ukijikuta umetoka uani mwezi wa saba, shingo juu, rudi ndani ulale. Kwa macho matupu Kibuyu hakionekani.